Wikio la Ubongo: Molekuli Zinazoshikanisha Seli na Kuongoza Mazungumzo Yake

Buibui ajulikanaye kwa jina la mjane mweusi ni mdogo. Mwili wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Hata hivyo, mtu aliyeumwa naye hukakamaa misuli ya tumbo na mgongo, hutokwa na jasho jingi, na maumivu humwandama kwa saa nyingi. Ndani ya sumu yake mna protini iitwayo alfa-latrotoksini, ambayo huzilazimisha ncha za seli za neva kumwaga kwa mkupuo kemikali za ujumbe ambazo kwa kawaida hutolewa kwa kipimo. Wanasayansi walijiuliza kwa muda mrefu sumu hii hushika wapi. Ilikuwa lazima pawepo kitu juu ya utando wa seli ambacho sumu hukitumia kama kitasa cha mlango. Mwaka 1992, maabara ya Thomas Südhof huko Dallas, Marekani, ilieleza protini moja inayoshikwa na sumu hiyo, ikaipa jina la neureksini.

Bila shaka mwili haukuiweka neureksini pale kwa ajili ya buibui. Mwaka 1995 maabara ileile ilimpata mwenziwe wa halali: protini iliyo kwenye seli ya jirani, ng'ambo ya pili, ambayo hushikana na neureksini penye madini ya kalsiamu. Hiyo iliitwa nyuroligini. Makala haya yanahusu jozi hiyo na jamaa zake, ambao kwa pamoja tutawaita molekuli za mshikamano. Yanahusu zaidi jambo linaloweza kumgusa mgonjwa aliyeketi mbele yako kliniki: molekuli hizi zikivurugika, ubongo haubomoki vipande vipande, bali mazungumzo ya seli zake hupotoka.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli inayotoa ujumbe na seli inayoupokea hukutana mahali panapoitwa sinapsi, lakini kwa kawaida hata hapo hazigusani. Kati yake hubaki mwanya wa nanometa 20 hivi. Ungehitaji kupanga mianya ya namna hiyo kwa maelfu ili kuufikia unene wa unywele mmoja. Msukumo wa umeme ukifika kwenye ncha ya seli ya kwanza, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vidogo vilivyojaa kemikali humwaga shehena yake nje. Kemikali huvuka mwanya na kutua kwenye vipokezi vya seli ya pili, na seli hiyo ama husisimuliwa ama hutulizwa. Katika ubongo, glutameti ndiyo msisimuaji mkuu na GABA ndiyo mtulizaji mkuu.

Aliyewahi kutembea katika mji wa kale wa Lamu atakumbuka vichochoro vyake vyembamba, na jinsi ambavyo juu ya baadhi ya vichochoro hivyo pamejengwa wikio: daraja lenye kuta na paa linalounganisha ghorofa ya nyumba moja na ghorofa ya nyumba ya pili, watu wakapitana bila kushuka njiani. Wikio huziunganisha nyumba mbili, lakini halikujengwa ili nyumba zisianguke. Lilijengwa ili watu wapite, na mahali lilipowekwa ndipo panapoamua mlango utobolewe wapi na nani amfikie nani kwa wepesi. Molekuli za mshikamano zimeuvuka mwanya wa sinapsi kwa mtindo huo. Neureksini imejikita upande wa kutoa ujumbe, nyuroligini upande wa kupokea, na mikono yake hukutana katikati.

Ndiyo maana silipendi neno gundi, ambalo hutumiwa mara kwa mara kuzieleza molekuli hizi kwa wanafunzi. Gundi haichagui inachokishika, na ikishakauka kazi yake imekwisha. Molekuli hizi huchagua, na kazi yake huendelea maadamu sinapsi ipo.

Ushahidi wa kwanza ulioshangaza watu ulikuja mwaka 2000. Peter Scheiffele na wenzake walichukua seli ambazo asili yake ni figo, zisizo na habari yoyote ya mambo ya ubongo, wakazifanya zitengeneze nyuroligini, kisha wakazikuza chomboni pamoja na seli za neva. Nyuzi za neva zilipozigusa zile seli za figo zilianza kujenga juu yake vituo vya kutolea ujumbe, pamoja na vifuko vyake vya kemikali, kana kwamba zimekutana na seli ya neva mwenzao. Protini moja tu ilitosha kuidanganya neva.

Kutokana na jaribio hilo wengi walihitimisha kwamba molekuli hizi ndizo waashi wa sinapsi. Hitimisho hilo lilikuwa na mantiki, lakini halikudumu. Mwaka 2003 Markus Missler, Südhof na wenzao walieleza habari za panya waliozaliwa bila aina zote tatu za alfa-neureksini. Mwaka 2006 Frédérique Varoqueaux, Nils Brose na wenzao wakaeleza panya wasio na nyuroligini ya 1, ya 2 wala ya 3. Kama waashi walikuwa hawapo, nyumba nazo zisingekuwapo. Panya hao walikufa, ni kweli. Wale wasio na nyuroligini walikufa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwa kushindwa kupumua. Lakini ubongo wao ulipochunguzwa kwa hadubini, sinapsi zilikutwa zipo, kwa idadi iliyokaribia sana ile ya kawaida.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima. Watoto wale wa panya walikuwa na sinapsi, ila sinapsi zao hazikuweza kuzungumza ipasavyo. Katika shina la ubongo, penye mtandao wa seli unaoamuru pumzi, ishara za kusisimua na za kutuliza zilikuwa dhaifu, na uwiano kati yake ulikuwa umeharibika. Kwa wale wasio na alfa-neureksini, kasoro ilikuwa upande wa kutoa: milango ya kalsiamu ilikuwapo kwenye utando wa seli, lakini haikufanya kazi yake sawasawa na vile vifuko vya kemikali, na kwa hiyo ujumbe uliotolewa ulikuwa hafifu. Mtu aweza kufananisha na zahanati yenye jengo, vitanda na dawa, ambayo zamu za wahudumu hazikupangwa.

Ndani ya seli, kila molekuli ya mshikamano ina mkia, na mkia huo hushika protini nyingine zinazopanga vifaa vya kazi. Upande wa kutoa, neureksini husaidia milango ya kalsiamu ikae karibu na vifuko vinavyosubiri kumwagwa. Umbali ukiongezeka kidogo tu, kalsiamu hufika ikiwa imepungua nguvu. Upande wa kupokea, nyuroligini ya 1 hukaa zaidi kwenye sinapsi za kusisimua, ambako husaidia kushikilia vipokezi vya glutameti, na nyuroligini ya 2 hukaa kwenye sinapsi za kutuliza, karibu na vipokezi vya GABA. Neureksini nayo, ingawa binadamu ana jeni 3 tu za kuitengeneza, hukatwa na kuunganishwa upya kwa njia nyingi kiasi kwamba maumbo yake hupita 1,000. Kila umbo lina marafiki linaowapendelea. Kwa hiyo uamuzi wa nani aongee na nani, kwa sauti ya juu au ya chini, na kwa kusisimua au kutuliza, hufanywa kwa sehemu kubwa na mikono hii inayokutana katikati ya kichochoro.

Mwaka huohuo wa 2003, timu iliyoongozwa na Thomas Bourgeron wa Institut Pasteur mjini Paris ilieleza familia mbili za Sweden. Katika kila familia walikuwamo ndugu wawili wa kiume wenye hali zilizo katika wigo wa usonji, na katika kila familia kulikuwa na badiliko katika jeni ya nyuroligini: ya 3 katika familia moja, ya 4 katika nyingine. Jeni hizo ziko kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata moja tu, kutoka kwa mama. Lile badiliko la nyuroligini ya 3 lilikuwa la herufi moja ya maandishi ya jeni, likabadilisha asidi amino moja tu mahali pa 451. Panya walipopandikizwa badiliko hilohilo, matokeo hayakuwa rahisi kama mtu angetarajia. Katika eneo la gamba la ubongo linalopokea hisia, ishara za kutuliza ziliongezeka. Katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, zikaongezeka ishara za kusisimua. Badiliko ni lilelile, molekuli ni ileile, lakini kila mtaa wa ubongo ulijibu kwa namna yake. Nadhani jambo hili peke yake lapasa kutufanya tuwe na subira na mtu yeyote anayetangaza kwamba amepata kidonge cha kurekebisha usonji.

Wazazi wanaosoma makala haya wasielewe vibaya. Mabadiliko ya jeni za nyuroligini yameonekana kwa watu wachache sana miongoni mwa wenye usonji. Kilicho muhimu ni kwamba yalionyesha pa kutazama: kwenye mazungumzo ya seli, wala si kwenye malezi ya mama, laana ya ukoo au chanjo.

Sasa tuingie wodini. Si kila wikio limejengwa kwa protini mbili zinazoshikana moja kwa moja. Liko jingine lenye mshenga. Upande wa kutoa kuna protini iitwayo ADAM23, upande wa kupokea iko ADAM22, na katikati imo LGI1, protini ndogo inayotolewa na seli za neva ikaingia mwanyani na kuzishika zote mbili. Mshenga huyu akiwapo, upande wa kupokea hutunza idadi ya kutosha ya vipokezi vya glutameti vya aina ya AMPA, na upande wa kutoa hutunza milango ya potasiamu ambayo kazi yake ni kuuzima msukumo wa umeme baada ya kupita. Asipokuwapo, breki hulegea. Panya wasio na LGI1 kabisa hupata kifafa kikali na kufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa binadamu, tangu mwaka 2002 imejulikana kwamba kuna koo zinazorithi kasoro ya jeni hii, na baadhi ya watu wao hupata kifafa kinachoanza kwa kusikia sauti zisizokuwapo.

Lakini mtu aweza kuzaliwa na LGI1 nzima, akaishi nayo vizuri miaka 60, kisha kinga ya mwili wake ikageuka na kumshambulia mshenga huyo. Hiyo ndiyo ensefalaitisi ya LGI1. Kingamwili nyingi za ugonjwa huu ni za aina ya IgG4, ambazo haziui seli kwa kishindo. Hujipachika juu ya LGI1 na kuizuia isishikane na ADAM22. Kabla ya mwaka 2010 iliaminika kwamba kingamwili hizo hulenga mlango wenyewe wa potasiamu. Mwaka huo timu mbili, moja ya Angela Vincent huko Oxford na nyingine ya Josep Dalmau, zilionyesha kwamba shabaha hasa ni LGI1. Mlango ulikuwa umeponzwa na ujirani.

Mgonjwa wa kawaida ni mtu mzima aliyepita miaka 50, mara nyingi zaidi mwanamume. Mkono mmoja na nusu ya uso ya upande uleule hukakamaa ghafla, kwa muda usiozidi sekunde 3, kisha huachia. Huangusha kikombe, hukunja uso kama aliyechomwa na mwiba, halafu huendelea na mazungumzo. Jambo hilo hurudi mara makumi kwa siku. Mguu ukihusika, huanguka. Wiki au miezi ikipita, huanza kusahau mambo ya jana, kuuliza swali moja mara nne, kukosa usingizi, kuona vitu visivyokuwapo, au kubadilika tabia hata jamaa zake wasimtambue.

Ni rahisi kuona jinsi mgonjwa kama huyu anavyopotea njiani. Nyumbani itasemwa amepandwa na pepo au amechanganyikiwa kwa uzee. Kituoni itaandikwa msongo wa mawazo, au kiharusi kidogo, au kifafa cha kawaida. Akifika penye vipimo vikubwa, kipimo cha umeme wa ubongo cha EEG chaweza kutoka safi hata mkono unapokakamaa mbele ya mpimaji, na maji ya uti wa mgongo nayo mara nyingi huwa ya kawaida. Picha ya MRI huonyesha, kwa wengi lakini si kwa wote, mabadiliko katika sehemu za ndani za ubongo zilizo usawa wa masikio, zinazotunza kumbukumbu. Vipimo safi, basi, havitoshi kuuondoa ugonjwa huu katika mawazo ya daktari.

Kuna dalili moja ya bei nafuu. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na kipimo hicho hupatikana hata katika hospitali nyingi zisizo na MRI. Mtu mzima mwenye kusahau kulikoanza karibuni, anayekakamaa uso na mkono kwa sekunde chache, na mwenye sodiamu ndogo bila sababu iliyo wazi, anastahili rufaa hata kama mganga hajawahi kulisikia jina la LGI1. Sodiamu hiyo isipandishwe kwa haraka. Kupandishwa ghafla kuna hatari yake kubwa kwa ubongo. Na katika mazingira yetu ni sharti kwanza yatafutwe yale yanayoua upesi au yanayotibika kwa dawa iliyopo: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, VVU na maambukizi yanayofuatana navyo, kaswende ya ubongo, ensefalaitisi ya virusi vya hapesi. Homa kali si tabia ya ugonjwa wa LGI1. Ikiwapo, tazama kwingine kwanza.

Simu ya mkononi hapa ni kifaa cha tiba. Jamaa akirekodi video ya dakika tano mgonjwa akiwa ameketi sebuleni, daktari wa neva aweza kuona mishtuko kadhaa ambayo isingetokea katika dakika chache za kuonana. Naomba wahudumu wenzangu wasiipuuze video ya familia.

Kuhusu tiba, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 103 wenye mishtuko hii ya uso na mkono. Kwa dawa za kifafa peke yake, takriban mmoja tu katika kumi aliachwa na mishtuko ndani ya siku 30. Tiba ya kutuliza kinga ilipoongezwa, kama vile steroidi, nusu yao waliachwa nayo katika muda kama huo. Na miongoni mwa wale ambao mishtuko haikukatika, zaidi ya nusu walikuwa wameanza kupungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri kabla ya siku 90 kupita. Kuchelewa kwa miezi mitatu kunagharimu kumbukumbu ya mtu. Ni magonjwa machache ya akili na ubongo ambayo mhudumu wa ngazi ya chini ana nafasi ya kubadilisha mwisho wake namna hii, kwa jicho na kwa barua ya rufaa tu.

Mbali na steroidi, hospitali kubwa huweza kumpa mgonjwa kingamwili za kuchangiwa kupitia mshipa, kumbadilishia majimaji ya damu, au kumwekea rituksimabu, ingawa gharama za tiba hizi ni kikwazo kwa wengi. Steroidi hupatikana kwa urahisi zaidi, na urahisi huo una mtego wake. Mgonjwa asijinunulie dukani. Kabla ya kuzianza apimwe kisukari na shinikizo la damu, achunguzwe kifua kikuu na VVU, na atibiwe minyoo ya strongiloidi panapostahili, maana minyoo hiyo huweza kusambaa mwilini na kuua pale kinga inapolegezwa. Akishazianza, asiziache ghafla. Hupunguzwa taratibu kwa miezi. Dawa za kifafa pia asiziache kwa kuwa tu amesoma hapa kwamba hazitoshi.

Wengi hupata nafuu kubwa, wakarudi shambani, dukani au ofisini. Baadhi hubaki na pengo: hawakumbuki kabisa miezi ya ugonjwa, au majina ya watu huwatoka, au huchoka upesi wanapofikiri. Ugonjwa nao huweza kurudi, wakati mwingine baada ya mwaka au zaidi, na mara nyingi huanza kwa ishara ileile ya kwanza. Kwa sababu hiyo familia huelekezwa kuandika tarehe, kurekodi video nyingine, na kumrudisha mgonjwa kliniki siku ileile mkono wake utakapoanza tena kukakamaa, bila kungoja kumbukumbu iguswe.